Kinshasa hadi Lubumbashi, kwa Kupitia Addis Ababa

Jumatatu, Luano

Saa kumi na mbili asubuhi niko Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, begi moja begani, kikombe cha chai mkononi. Ninauza pampu za maji na vipuri vyake, na nusu ya wateja wangu wako Kinshasa, kwa hiyo karibu kila mwezi napanda ndeke, kama tunavyosema huku kwetu. Watu wakisikia hivyo hudhani ni majivuno ya pesa. Basi wajaribu ile njia nyingine: treni kutoka Lubumbashi mpaka Ilebo, halafu boti kwenye mto Kasai kuelekea Kinshasa, na mzigo wako unaulinda mwenyewe usiku kucha. Wanaopita huko huhesabu wiki. Kwa hewa ni kilomita kama 1,570, saa mbili na dakika kidogo.

Kadi yangu ya kupandia imeandikwa 7A. Niliomba dirisha kwa adabu zote, na binti wa kaunta akaniandikia kwa kalamu, akaizungushia duara kama mwalimu anayesahihisha daftari. Papa mmoja nyuma yangu akacheka kidogo.

"Kaka, hiyo namba ni ya mapambo."

Alikuwa anasema kweli. Mlango ulipofunguliwa, hakuna aliyeita mstari wa kwanza wala wa mwisho. Tulitoka wote pamoja, wengine kwa mwendo wa haraka wa mtu anayejifanya hakimbii. Nilipofika 7A, nikamkuta mama ameketi, mtoto mgongoni ameshamfungua na kumlaza kwenye 7B. Nikamwonyesha kadi yangu yenye duara. Akaniangalia kwa huruma ya kweli.

"Keti tu kule nyuma, baba. Ndege haijajaa."

Mhudumu naye akathibitisha: keti popote. Popote pangu pakawa mstari wa mwisho kabisa, ambapo kiti hakilali kwa sababu kimeegemea ukuta wa choo, na kila anayesubiri zamu yake anakuegemea bega.

Sipingi watu kukaa bila namba. Marekani kuna shirika la Southwest lililoanza kuruka mwaka 1971, na kwa zaidi ya miaka hamsini halikumpa abiria kiti maalumu, mpaka lilipoacha desturi hiyo Januari 2026. Lakini kule kukosa namba kulikuwa na utaratibu wake: ulipewa herufi na nafasi yako kwenye foleni, A kabla ya B, B kabla ya C, ukifika mlangoni unajua nani yuko mbele yako. Anayeingia kwanza anachagua kwanza. Sisi tumegeuza jambo hilo. Tuna namba, kisha tunakimbia.

Na si suala la raha tupu. Kabla ya kuruka, rubani hupewa karatasi inayoonyesha uzani umegawanyika vipi, mbele kiasi gani na nyuma kiasi gani. Ndege ikiwa nusu tupu, watu wote wakajirundika mbele ili washuke haraka, karatasi ile inasema jambo moja na ndege inasema jingine. Kwenye ndege ndogo za viti kumi na tisa hilo huwa zito zaidi, ndiyo maana huko hata ukiwa mkubwa wa nani utaambiwa uhame na utahama.

Nina imani moja niliyoipata kwa miaka ya kupanda na kushuka: shirika ambalo halijali namba ya kiti, halitajali saa ya kuondoka. Leo tumeondoka tumechelewa saa mbili na nusu. Hakuna aliyeuliza. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo tulipotua N'djili, uwanja wa Kinshasa, saa za ukutani zilituficha sehemu ya aibu.

Jumanne, Kinshasa

Kazi. Pampu mbili zimeuzwa, moja imerudishwa. Joto, foleni ya magari kwenye Boulevard Lumumba, samaki wa kuchoma jioni. Sina zaidi.

Jumatano, N'djili

Nimefika uwanjani saa mbili mapema. Kwenye kioo cha kaunta wamebandika karatasi: safari ya Lubumbashi imeahirishwa, tarehe itatangazwa. Haina sahihi wala namba ya simu. Gundi ya kona moja imeachia, kila mtu anayepita anaibonyeza irudi mahali pake, kana kwamba karatasi ikianguka safari nayo itapotea kabisa.

Mzee mmoja mwenye kofia ya majani alisoma mara mbili, akavua miwani.

"Air Peut-être imefufuka."

Vijana hawakucheka, sisi wengine tulicheka. Air Zaïre, shirika lililozaliwa mwaka 1961 likiitwa Air Congo na kubadilishwa jina 1971 pamoja na nchi, lilifilisika mwaka 1995. Lilikuwa na DC-10 zilizokuwa zikienda mpaka Ulaya, na jina hilo la utani wazee wanalikumbuka kuliko rangi zake. Air Peut-être, yaani Air Labda. Labda leo, labda kesho, labda yule mwenye nchi, Mobutu, amechukua ndege kwa safari zake.

Kwa kawaida ningengoja. Lakini Jumamosi ni mahari ya mpwa wangu, na mjomba ni mimi. Nikampigia dada yangu mkubwa.

"Yaya, ndege imefutwa."

"Mpaka lini?"

"Hawajui."

Kimya kidogo, halafu sauti ikashuka, na hapo ndipo nilipojua nimekwisha.

"Sikiliza, mdogo wangu. Wakwe wanaingia Jumamosi saa nne. Mahari ya mtoto wangu haipokelewi bila mjomba wake. Pita unapopita, lakini uje."

Nilizunguka kaunta zote. Ndege nyingine za ndani zimejaa mpaka Jumatatu, kwa sababu waliofutiwa wote wamekimbilia huko. Nikaketi kwenye benchi, nikachora ramani nyuma ya risiti. Lubumbashi unaweza kuifikia kutoka Addis Ababa, Nairobi, Johannesburg. Kuna hata wanaotua Ndola, Zambia, kwenye ule uwanja mpya uliofunguliwa 2021, kisha wanashika barabara ya Kitwe na Chingola mpaka mpaka wa Kasumbalesa, na kutoka hapo nyumbani ni kama kilomita 95. Njia ya Ndola naipenda kwa safari za mbali, tiketi huwa nafuu, ila foleni ya malori ya Kasumbalesa haimjui mjomba wala bibi harusi.

Ukiitazama ramani yangu unaona jambo moja: njia zote zinatoka nje ya nchi kwanza. Mashirika yaliyoandikishwa kwetu yamo tangu 2006 kwenye orodha ya Umoja wa Ulaya ya wasioruhusiwa kuruka huko, kwa hiyo safari zetu za mbali zimebaki mikononi mwa mashirika ya wenzetu, na kila shirika linakuvuta kwake kwanza. Ukipanda la Ethiopia utapita Addis, la Kenya utapita Nairobi. Siwalaumu. Ndiyo biashara yao ilivyopangwa: wanakusanya watu kutoka miji arobaini asubuhi moja, wanawachanganya ukumbini, wanawatawanya tena kabla ya chakula cha mchana. Wewe wa Lubumbashi unakaa na wa Lomé na wa Guangzhou, na ndege inajaa, ambapo kwa Lubumbashi peke yake isingejaa.

Addis ndiyo iliyokuwa na nafasi kesho. Bei ni karibu mara tatu ya ile ya ndani. Kilomita zaidi ya 5,000, ili nifike mahali palipo 1,570. Nimelipa.

Alhamisi, angani

Ofisa wa uhamiaji N'djili alifungua pasipoti yangu, akatazama tiketi, akarudi kwenye pasipoti.

"Unakwenda wapi, papa?"

"Lubumbashi, chef."

"Lubumbashi ni hapa ndani."

"Ndiyo, chef."

"Sasa nikupige muhuri wa kutoka nchini uende Lubumbashi?"

Nikamweleza habari ya mahari. Alisikiliza kwa makini, akauliza kama ni mtoto wa dada au wa kaka, nikamwambia wa dada. Akapiga muhuri. "Kwa mtoto wa dada, sawa." Nililipa Go Pass, ile ada ya uwanja ya kila abiria, ya nje badala ya ile ya ndani, nikaonyesha kadi ya homa ya manjano, nikapanda.

Ndege ni Boeing 787. Hii naijua kama ninavyoijua gari ya shemeji yangu. Ethiopian walikuwa wa kwanza Afrika kuipokea, mwaka 2012. Viti vya daraja la kawaida ni tatu, tatu, tatu. Ilipobuniwa, wengi walitarajia viti vinane kwa mstari, lakini mashirika karibu yote yakabana kikaingia cha tisa, na ndiyo maana upana wa kiti ni kama sentimita 43. Ndugu yake wa Airbus, A350, ana tisa vilevile lakini mwili wake ni mpana kidogo, unapata kama sentimita 45. Sentimita mbili zinaonekana si kitu mpaka uketi kati ya wanaume wawili wa kwetu Katanga waliolelewa kwa bukari, yaani ugali.

Lakini hewa ya ndani ni nzuri. Ndege za zamani huweka hewa ya ndani kama ya mlima wa mita 2,400. Hii inaweka kama ya mita 1,800, kwa kuwa mwili wake umetengenezwa kwa nyuzi za kaboni zinazostahimili mkazo kuliko bati la aluminiamu. Sisi wa Lubumbashi tunaishi kwenye mita 1,200 na ushee, kwa hiyo mwili wangu hata haukugundua. Na hapa kuna kichekesho ninachokipenda. Bole, uwanja wa Addis, uko juu, mita zaidi ya 2,300. Maana yake ndege inaposhuka kutua, hewa ya ndani inabidi *ipande*, ifanane na ya uwanja. Wewe unaona mawingu yanakuja juu, magurudumu yametoka, na masikio yako yanadhani unapanda mlima. Kijana aliyekuwa ng'ambo ya ujia alikuwa akimeza mate na kubana pua kama alivyofundishwa kwa kushuka, akashangaa masikio hayatii.

Kuna habari nyingine ya ndege hii ambayo mtu wa Katanga hawezi kuiacha. Januari 2013 787 zote duniani zilisimamishwa kwa sababu ya betri zake zilizoshika moto. Betri za lithiamu na kobalti. Kobalti! Tunaiona ikipita kwa malori kwenda mpakani, vumbi lake liko viatuni mwetu, na siku ile ikazuia ndege za mabilioni zisiruke. Baada ya marekebisho, wa kwanza kurudisha abiria angani walikuwa Ethiopian, tarehe 27 Aprili, safari ya Addis kwenda Nairobi. Kila nikipanda 787 nafikiria kwamba kuna kipande cha kwetu pale chini ya sakafu, nacho hakijawahi kuombwa Go Pass.

Sasa kiti. Nilikuwa nimelipia dirisha, nyongeza juu ya tiketi, maana siku hizi mashirika mengi yanauza kila kitu: kiti chenye nafasi ya miguu bei yake, dirisha bei yake, mbele bei yake, na usipolipa kompyuta inakugawia ilivyopenda, hata kama ni mume na mke. Basi akaja mama mwenye binti wa miaka kama minane, mmoja amewekwa 29B, mwingine 33E. Kompyuta haina mtoto, haijui.

Kanuni yangu ya kubadilishana viti ni ya soko: dirisha kwa dirisha, ujia kwa ujia. Anayekuja na kiti cha katikati mwishoni mwa ndege akitaka changu cha mbele, namwambia pole kwa upole. Nimeshaitwa mchoyo kwa lugha nne. Lakini mtoto wa miaka minane kukaa kati ya wageni wawili kwa saa nne si jambo la kuhesabia sentimita. Nikampa dirisha langu la 29A, mama akabaki 29B, mimi nikaenda 33E, katikati ya katikati.

787 haina vizibo vya kuvuta dirishani. Kuna kitufe chini ya kioo. Ukikibonyeza, kioo chenyewe kinageuka bluu, kila mara nzito zaidi, mpaka jua linabaki kama sarafu. Nilipopita kwenda msalani nikachungulia mstari wa 29. Yule binti alikuwa ameshabonyeza mpaka mwisho. Amelala, kichwa mapajani mwa mama yake, na dirisha langu nililolilipia likiwa jeusi kama sufuria. Akalala hivyo mpaka Addis.

Ijumaa, Addis Ababa, kisha Luano

Kwa kuwa ndege ya Lubumbashi ni ya asubuhi, tulipelekwa hoteli. Usiku dereva wa basi la hoteli alizunguka mapokezi akituonyesha kipande cha karatasi alichoandika kwa kalamu nzito: 11. Mwenzangu mmoja wa Kinshasa, mwenye mkoba wa ngozi, akapiga kelele kwa Kifaransa kwamba ikiwa basi linakuja saa tano asubuhi, sisi tutakuwa tunaipungia ndege mkono.

Mimi nilikuwa nacheka. Waethiopia wanahesabu saa kama Waswahili. Jua likichomoza ndiyo kumi na mbili, moja inafuata. Kumi na moja yake ni kumi na moja yetu, alfajiri, kabla ya adhana na kengele. Sisi wenyewe Lubumbashi tumekwisha kuchanganywa na Kifaransa, nusu ya watu wanasema *cinq heures*, tano kwa hesabu ya Kifaransa, katikati ya Kiswahili, lakini ukimwambia bibi yangu saa kumi na moja anajua ni wakati wa kuwasha moto. Nikamweleza bwana wa mkoba. Hakuamini. Alfajiri, saa kumi na moja kamili, basi lilikuwa mlangoni likinguruma, naye alikuwa wa kwanza kuingia, amevaa viatu bila soksi.

Ndege ya leo ni Boeing 737-800, tatu kwa tatu, ujia mmoja. Kwa wanaopenda dirisha kwenye ndege hii, onyo: mbele kidogo ya bawa, upande wa kushoto, kuna mstari ambao dirisha halipo. Mabomba ya hewa ya kupoza yanapanda ndani ya ukuta hapo, kwa hiyo wajenzi wakaacha ukuta mtupu. Kwenye mashirika mengi ni mstari wa kumi au kumi na moja hivi. Ramani ya viti kwenye simu haikwambii, inakuchorea kiti cha dirisha kama vingine. Nimewahi kusafiri saa tatu nikitazama plastiki.

Leo nilichagua mlango wa dharura, juu ya bawa, miguu imenyooka kama nyumbani. Kiti hiki kina masharti, nami nayaunga mkono yote: uwe mtu mzima, mwenye nguvu za kusukuma mlango, usiwe na mtoto wala mimba, na ukubali kwa mdomo wako kwamba utasaidia. Mhudumu alikuja kutuuliza mmoja mmoja. Jirani yangu, mzee wa heshima zake mwenye fimbo nyeusi, alijibu "ndiyo" kwa kila swali bila kusikia swali. Mhudumu akatazama fimbo. Mzee akatazama fimbo. Akahamishwa mstari wa nne, mbele zaidi, karibu na chakula, lakini alipita akinung'unika kwamba ameonewa kwa sababu ya mguu mmoja.

Tukashuka kusini kupitia anga ya Ziwa Victoria, baadaye Tanganyika ikaonekana nyuma ya bawa, ndefu, rangi ya chuma. Watu wakaanza kuvaa majaketi. Luano kulikuwa na upepo. Ofisa akanipiga muhuri wa kuingia nchini, pembeni kabisa mwa ule wa kutoka wa jana. Akauliza nimekaa nje muda gani.

"Usiku mmoja."

"Ulifuata nini?"

"Lubumbashi."

Saa tisa alasiri nikasoma kwenye simu: ile safari ya Jumatano sasa imepangwa Jumapili, labda.

Jumamosi, Katuba, Lubumbashi

Wakwe wamefika saa tano, saa moja baada ya muda, na hakuna aliyeshangaa isipokuwa mimi, ambaye bado nilikuwa na akili za uwanja wa ndege. Viti vya plastiki vimepangwa uani pande mbili. Hapa kila mtu anajua kiti chake bila kadi: wazee mbele, shangazi upande wa jikoni, vijana ukutani, mjomba karibu na meza. Msemaji wetu akasoma orodha, bidhaa kwa bidhaa. Koti la baba. Vitambaa vya mama. Mbuzi. Suti na viatu vya mjomba.

Yaya akanyoosha mkono, akainuka, akanong'ona kwa msemaji. Msemaji akavaa miwani tena, akaandika mstari mmoja chini kabisa, akasoma kwa sauti ile ile:

"Na tiketi ya mjomba, Kinshasa mpaka Lubumbashi, kwa kupitia Addis Ababa."

Uwanja wote ukaangua kicheko. Msemaji wa wakwe, mzee mwembamba mwenye tai nyekundu, alingoja kicheko kiishe, akainua kidole.

"Tutafikiria. Lakini kwanza atuambie: alikaa dirishani?"